Unaposhtakiwa Katika Nchi ya Mbali

Ufuko wa Ziwa Tanganyika, tangu Kibirizi na Kigoma hadi Ujiji na vijiji vya kusini, una watu wengi watendao kazi bila ya kuwa na mwajiri wa kudumu. Fundi wa Ujiji huunda mashua kwa fedha ya mtu wa Kalemie. Mwenye boti hupakia saruji Kibirizi na kuipeleka kwa mfanyabiashara wa Bujumbura. Mfasiri ajuaye Kifaransa na Kiswahili hufasiri hati za shirika lenye makao yake Geneva. Kijana ajuaye kompyuta hutengeneza programu kwa ajili ya kampuni ya London ambayo hajapata kuliona hata lango lake. Watu hawa hawamo katika daftari la mishahara la mtu ye yote. Hupewa kazi, huimaliza, hulipwa, kisha hutafuta nyingine. Uhuru huo una faida yake, lakini una hatari moja ambayo wengi hawaioni mpaka imekwisha wafika.

Hatari yenyewe ni hii. Siku moja mteja husema kuwa kazi haikufanywa kama ilivyoagizwa. Hadai fedha yake kwa maneno tu, bali hufungua daawa, tena hafungui Kigoma anakokaa mtenda kazi, hufungua katika nchi yake mwenyewe. Barua huja, imeandikwa kwa lugha ya kisheria ya nchi ile, yataja tarehe ya kufika mbele ya hakimu, nauli ya kwenda huko pekee yazidi malipo ya kazi nzima. Mtu wa namna hii atafanyaje? Akienda, atafilisika njiani. Asipokwenda, yaweza kuhukumiwa dhidi yake hali yeye hayupo. Swali hili latupasa kulijibu mapema, kabla ya barua kuja.

Wala jambo hili si geni katika njia ya ziwa letu. Liko shauri moja la zamani ambalo wengi hulisahau, ingawa majina ya wahusika wake yafahamika kwa kila mtoto wa Ujiji. Mdai alikuwa Henry Morton Stanley, yule yule aliyemkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871. Mdaiwa alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana bara yote kwa jina la Tippu Tip.

Tuseme wazi tangu mwanzo kwamba hatumtaji Tippu Tip ili tumsifu. Mali yake ilitokana na pembe za ndovu na biashara ya watumwa, na nchi za Manyema ziliona mateso makubwa kwa ajili ya biashara hiyo. Stanley naye alikuwa mtumishi wa makampuni na wafalme waliokuwa wakiigawa Afrika. Tunaleta shauri lao kwa sababu moja tu: laonyesha, kuliko mfano mwingine tuujuao, jinsi mapatano ya kazi yanavyoweza kumfuata mtu hadi mwisho wa dunia.

Watu hawa wawili walikuwa wamekwisha kufanya mapatano mara moja kabla ya hapo. Mwaka 1876, katika nchi ya Manyema, Stanley alimwajiri Tippu Tip amsindikize pamoja na watu wake kwa safari ya vituo 60, kwa malipo ya dola 5,000. Safari haikumalizika kama ilivyopatanwa; waliachana Vinya Njara mwezi wa Desemba mwaka ule, na Stanley akampa hati ya fedha pungufu ya ile iliyotajwa mwanzo. Tippu Tip hakuridhika, naye katika habari za maisha yake, alizoziandika kwa Kiswahili kabla ya kufa mwaka 1905, alilalamika kwamba alitarajia mengi kwa Stanley, akaletewa picha. Hivyo kila mmoja alibaki na hesabu yake moyoni.

Mwaka 1887 walikutana tena, safari hii Unguja. Stanley alikuwa ametumwa na kamati ya Waingereza, ikiongozwa na William Mackinnon, kwenda kumwokoa Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa liwali wa serikali ya Misri kaskazini ya Ziwa Albert. Tarehe 24 Februari mapatano yaliandikwa. Kwanza, Tippu Tip alifanywa liwali wa Stanley Falls, mahali paitwapo Kisangani siku hizi, kwa niaba ya Dola ya Kongo ya Mfalme Leopold, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Pili, aliahidi kutoa wachukuzi 600 wa kwenda Ziwa Albert na kurudi na pembe za Emin, kwa malipo ya pauni 6 kwa kila mchukuzi mwenye mzigo. Na kwa upande wake Stanley alikubali kutoa baruti kwa ajili ya watu hao. Siku ya pili yake wote wakapanda meli iitwayo Madura, wakazunguka Rasi ya kusini hadi mlango wa mto Kongo.

Yaliyofuata yalikuwa balaa. Stanley alitangulia na nusu ya msafara mwezi wa Juni 1887, akaacha kikosi cha nyuma Yambuya, juu ya mto Aruwimi, chini ya Meja Barttelot. Kikosi kilikuwa kiwangoje wachukuzi wa Tippu Tip. Walingoja karibu mwaka mzima. Mwezi wa Juni 1888 walipatikana watu kiasi cha 400, si 600. Mwezi uliofuata Barttelot aliuawa kwa risasi Banalya. Stanley aliporudi mwezi wa Agosti alikuta kikosi kimeangamia, naye akautupa mzigo mkubwa wa lawama juu ya Tippu Tip.

Je, nani alivunja mapatano? Stanley alisema: nilipatana nawe watu 600, hukuwaleta kwa wakati. Tippu Tip naye alisema: nilipatana nawe baruti, hukunipa, na watu wangu ni watu huru katika hiari yao ya kusafiri, hawakutaka kwenda katika msitu wenye vita bila ya baruti. Hapo ndipo ulipo moyo wa shauri. Kila upande ulishika sehemu yake ya mapatano na kuisahau ya mwenziwe. Baruti ilipatanwa, lakini kazi ilianza kabla baruti haijafika mikononi mwa mtenda kazi. Mtu aanzapo kazi kabla mwenziwe hajatimiza sehemu yake, hujiweka katika mahali pa kulaumiwa, hata kama haki iko upande wake.

Sasa tuitazame daawa yenyewe. Stanley alifika Bagamoyo tarehe 4 Desemba 1889, akavuka kwenda Unguja. Tippu Tip alikuwa mbali sana, katika nchi za Kongo, miezi mingi ya mwendo. Stanley hakumfuata huko. Alifungua daawa Unguja, katika korti ya Balozi wa Kiingereza, akidai pauni 10,000 kwa niaba ya mfuko wa msafara.

Msomaji ataweza kuuliza: korti ya Kiingereza ilikuwa na amri gani juu ya raia wa Sultani? Himaya ya Uingereza juu ya Unguja ilikuwa bado kutangazwa. Ilitangazwa mwezi wa Novemba 1890. Jibu lake ndilo funzo kubwa la shauri hili. Fedha ya Tippu Tip, kiasi cha pauni 10,000 na zaidi iliyotokana na pembe alizoiuzia Dola ya Kongo, ilikuwa mikononi mwa wakala wake Jaffar, wa nyumba ya biashara ya Tharia Topan, Mhindi aliyekuwa chini ya himaya ya Kiingereza. Stanley aliitaka korti iizuie fedha ile mpaka shauri likatwe. Mwili wa mdaiwa ulikuwa Kongo, lakini mali yake ilikuwa Unguja, na mwenye kuishika alikuwa chini ya mkono wa korti. Mwenye kushika mali ya mtu amemshika mtu mwenyewe.

Tippu Tip angeweza kukaa kimya. Hakukaa. Alifunga safari ya kurudi pwani ajibu madai. Ilikuwa safari ndefu: kutoka Kongo hadi Ujiji kwa kuvuka ziwa, kutoka Ujiji hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi baharini, tena kwa mtu aliyekwisha kuwa mzee kidogo na kuuguaugua. Alifika Unguja mwaka 1891. Naye alipokuwa njiani, dunia iligeuka nyuma yake na mbele yake. Mwaka 1890 Wajerumani na Waingereza walikuwa wamekwisha kugawana nchi: Ujiji na Tabora zilikuwa upande wa Wajerumani, na Unguja upande wa Waingereza. Mtu aliyeondoka chini ya bendera moja ya Sultani alirudi akakuta bendera mbili na sheria mbili.

Na shauri? Halikufika hukumu. Waliolifungua waliliacha. Lakini lilikuwa limekwisha kumtoa mtu katikati ya Afrika, akaacha kazi na mali yake huko, asirudi tena. Daawa inaweza kumshinda mtu hata pasipo hukumu, kwa safari, kwa gharama na kwa muda tu.

Tena haikuwa daawa yake ya mwisho ya namna hiyo. Baadaye mshirika wake wa zamani, Muhammad bin Khalfan aitwaye Rumaliza, aliyekuwa mwenye nguvu nyingi hapa Ujiji, naye alimdai sehemu ya mali ya ushirika wao, mbele ya mahakama ya Wajerumani Dar es Salaam. Tippu Tip alikaa Unguja, lakini nyumba na mashamba yake ya bara yalikuwa katika nchi ambayo mahakama ile ilikuwa na amri nayo. Mambo yalikuwa yale yale: mtu huku, mali kule, na baraza liko kwenye mali. Ushirika wa miaka mingi ulikuwa umejengwa juu ya kuaminiana zaidi kuliko juu ya daftari, na wahenga walikwisha sema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Kabla ya kuyaacha ya zamani, haki yatutaka tuwataje wale ambao shauri lile halikuwataja. Wachukuzi wa kikosi cha nyuma, wengi wao watu wa Unguja na mrima, waliachwa Yambuya na chakula kisichotosha. Walikula muhogo mchungu usiolowekwa vema, wakaugua, walipigwa mijeledi, zaidi ya nusu yao walikufa. Hao nao walikuwa na mapatano ya kazi. Daawa ya pauni 10,000 ilihesabu hasara ya mfuko, wala wao hawakuwa wadai ndani yake. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Basi mfanyakazi wa leo asidhani kuwa habari hizi ni za wakubwa wawili tu. Mabaraza ya sheria yalikuwako hata siku zile. Kilichokosekana ni njia ya mchukuzi kuyafikia.

Sasa tuje katika zama zetu. Sheria za Tanzania zina kanuni ya kufaa: kwa kawaida daawa ya madai hufunguliwa mahali anapokaa mdaiwa au anapofanyia kazi, au mahali sababu ya madai ilipotokea. Kwa kanuni hiyo mtu wa Kigoma hushtakiwa Kigoma. Hata njia ya Mahakama Kuu imekuwa fupi. Zamani mashauri ya Mahakama Kuu ya watu wa Kigoma yalikwenda Tabora. Siku hizi Mahakama Kuu inakaa Kigoma penyewe.

Lakini kanuni hiyo yaweza kuondolewa na mkono wa mtenda kazi mwenyewe. Katika mikataba mingi ya wateja wa ng'ambo, mwishoni kabisa, penye maandishi madogo, pana kifungu kisemacho kwamba magomvi yote yatakatwa na mahakama za nchi fulani kwa sheria ya nchi hiyo. Wengi hutia sahihi bila ya kukisoma. Nao wasidhani kwamba mahakama zetu zitakipuuza. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikata shauri la kampuni ya Sunshine Furniture ya Dar es Salaam dhidi ya wachukuzi wa mizigo ya baharini wa Maersk. Hati ya mzigo ilisema magomvi yapelekwe Mahakama Kuu ya Uingereza, London. Mahakama ya Rufani ilishikilia kwamba waliokubali kifungu wamefungwa nacho. Ikiwa kampuni yenye mawakili ilifungwa, sembuse fundi mmoja mwenye simu?

Wala mtu asiseme, mimi sikutia sahihi, nilibonyeza tu neno la kukubali katika kompyuta. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, mapatano yafanywayo kwa njia hiyo yana nguvu kama yale ya karatasi.

Basi yatupasa tushike mambo manne.

Kwanza, soma kifungu cha mahakama kabla ya kusoma bei. Bei nzuri yenye baraza la mbali ni bei iliyopungua. Kama mteja hataki Kigoma, pendekeza usuluhishi kwanza, au shauri lisikilizwe kwa njia ya mtandao pasipo kusafiri. Mteja akikataa yote, mtenda kazi ajue anatia sahihi juu ya nini, apime na faida.

Pili, andika baruti yako. Yaani, andika kila kitu ambacho mteja anapaswa kukutimizia kabla hujaanza: malipo ya kwanza, michoro, mbao, hati, ruhusa za forodha. Andika tena tarehe yake, na useme kwamba siku zako za kazi zitaanza kuhesabiwa siku vitu hivyo vitakapofika. Visipofika, peleka barua siku ile ile, utunze nakala. Malalamiko yatolewayo baada ya daawa kufunguliwa huonekana kuwa udhuru.

Tatu, angalia fedha yako inalala wapi. Mtu alipwaye kwa njia ya makampuni ya ng'ambo, akaiacha akiba yake huko miezi na miezi, ameiweka kwa Jaffar. Amri moja ya korti ya nchi ile yaweza kuizuia yote.

Nne, usiitupe barua ya wito. Hapa ndipo wengi wanapoangamia. Husema, hukumu ya nchi ya mbali haitanifikia. Kwa nchi nyingine ni kweli kwamba mdai atapata taabu. Lakini Tanzania ina sheria ya kusajili na kukaza hukumu za nchi zilizomo katika orodha yake, na Uingereza imo katika orodha hiyo. Hukumu ya mahakama kuu ya huko yaweza kuletwa katika Mahakama Kuu yetu ndani ya miaka 6 na kukazwa kama iliyotolewa hapa. Sheria hiyo hiyo inampa mdaiwa kinga: aweza kuipinga ikiwa mahakama ile haikuwa na mamlaka juu yake, au hakupewa habari kwa wakati wa kutosha kujitetea, au hukumu ilipatikana kwa hila. Kinga hizo ni nzuri, lakini humfaa aliyetunza barua, bahasha, na tarehe. Tena ahadhari: akijibu daawa ya huko kana kwamba anaikubali mahakama ile, aweza kuwa ameipa mamlaka ambayo haikuwa nayo. Kwa hiyo jibu la kwanza lipitie kwa mwanasheria. Asiye na uwezo asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewawekea njia watu wa namna hiyo.

Liko jambo jingine liwahusulo wafanyakazi. Si kila aitwaye mtenda kazi wa mapatano ni huyo kweli. Wako waajiri wanaowaita watu hivyo ili wakwepe wajibu wao. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inasema kwamba mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitike vingine, ikiwa jinsi ya kazi yake au saa zake zatawaliwa na mwingine, au amemfanyia mtu yule kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, au anategemea malipo yake kwa maisha, au hupewa naye vyombo vya kazi, au hamfanyii mwingine. Mtu wa namna hiyo mahali pake pa kwanza pa kudai ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Vyama vya wafanyakazi viwafundishe wanachama tofauti hii, kwani ndiyo impayo mnyonge baraza la karibu.

Mwisho, mtu mmoja mmoja hana nguvu ya kubadili kifungu cha kampuni kubwa. Lakini mafundi wa mashua wa Ujiji wakiwa na hati moja ya mapatano waliyoitunga pamoja, na wenye boti wa Kibirizi wakiwa na yao, kila mteja wa ng'ambo ataikuta hati ile ile kila aendako. Vyama vya ushirika na vyama vya wafanyakazi vyaweza kumlipa mwanasheria mmoja aitunge mara moja, ikatumiwa na mamia. Gharama yake ikigawanywa, haifikii nauli ya mtu mmoja kwenda London kujibu daawa.

Kuandikiana si kugombana. Kazi inayovuka ziwa ni baraka kwa mkoa wetu, na iendelee kuvuka. Tunalolitaka ni kwamba mwenye kuifanya ajue, siku ile ile anayotia sahihi, ni mlango wa baraza gani atakaougonga siku ya magomvi.